Nani Alicheka Kwanza

Drusila alinyanyuka kwenye kochi, akapunguza sauti ya televisheni, kisha akaenda kufunga dirisha. Hakuna aliyemtuma. Tulikuwa nyumbani kwa binti yake huko Milimani, Jumapili baada ya chakula, na wajukuu walikuwa wakitazama wachekeshaji wakiwaigiza wakubwa wa serikali: mmoja amejaza mto tumboni na kujifanya waziri, wenzake wanampepea kwa magazeti. "Kukhu, hiyo ni comedy tu," mjukuu mmoja alimwambia bibi yake, "wacha tusikie." Drusila aliutazama mkono wake mwenyewe pale kwenye dirisha kama mkono wa mtu mwingine, halafu akanitazama mimi. Mimi nami nilikuwa nimekwisha kugeuka kuangalia mlango. Hapo tukaanza kucheka, wakongwe wawili wa miaka sabini na ushee, tukacheka mpaka vijana wakaiacha televisheni wakatugeukia sisi. Tulikuwa hatujaonana tangu tumzike mumewe, Elijah, na siku hiyo nilikuwa nimeteremka kutoka Kabazi na gunia la viazi na kuku wawili kuja kumjulia hali. Vijana wakauliza tunacheka nini. Nikajaribu kuwaeleza, nikaona jambo lenyewe haliwezi kuelezwa kati ya kikombe cha chai na safari ya kurudi nyumbani. Ndiyo maana naliandika.

Mwaka wenyewe ulikuwa wa pili wa Emajensi, ile hali ya hatari Waingereza waliyoitangaza kwa ajili ya Mau Mau. Nilikuwa na miaka ishirini, nikishona sare za shule kwenye duka la Mhindi mmoja nyuma ya soko la Nakuru, na nilikuwa napanga chumba pamoja na Drusila kule lokesheni, katika zile nyumba za safu za manispaa ambazo ukuta wa jirani ndio ukuta wako. Drusila alikuwa Mmaragoli, mkubwa wangu kwa miaka mitatu, na alifua nguo kwenye hospitali ya Wazungu; jioni aliingia akinuka wanga na sabuni. Yeye alikuwa na kitanda, mimi godoro, na katikati tulitundika pazia la marikani ambalo hatukulifunga hata siku moja kwa sababu tulipenda kuongea tukiwa tumelala. Kiangazi kilipokuwa kikali upepo ulileta vumbi jeupe la magadi kutoka ziwani, likaingia kwenye unga, kwenye chumvi, kwenye meno. Tulipika kwenye jiko la makaa pale mlangoni. Siku zangu tulikula githeri, siku zake ugali na mrenda, na kila mmoja alilalamika juu ya chakula cha mwenzake na kukimaliza. Kupitia ukutani tulimsikia jirani yetu Mwaura akikohoa. Mwaura alibeba magunia kwenye ghala la pareto, na maua yale yalimkereketa kifua. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye aibu, na mke wake alikuwa amebaki shambani Subukia.

Watu waliozaliwa baadaye huniuliza kama tulikuwa tunaogopa mchana kutwa. Hapana. Mtu hawezi. Uoga tuliuvaa kama shimizi, ndani, na juu tukavaa mambo mengine. Mimi nikiwa Mkikuyu nilipaswa kuwa na pasi, karatasi ya ruhusa, kila niendako, na nilikuwa nimeishonea mfuko ndani ya sketi. Usiku mkono wangu uliutafuta mfuko ule kabla sijafumbua macho. Drusila hakudaiwa pasi kama ile, na alilionea aibu jambo hilo, akawa ananisindikiza hata bombani. Kitu tulichopoteza bila kujua ni kicheko. Ukicheka barabarani, askari alikuuliza unacheka nini, na hakuna jibu la swali hilo linalopendeza. Basi watu wakazoea kufunika mdomo. Mwaura alipopatwa na mkasa wake tulifunika midomo vilevile, ingawa haukuwa mkasa wa kuchekesha. Alfajiri moja alitoka kwenda choo cha nje akiwa amejitanda blanketi. Pasi yake ilikuwa kwenye koti, na koti lilikuwa kwenye msumari chumbani. Doria ikamkuta kati ya mlango wake na choo, akalala siku kadhaa ndani ya uzio wa seng'enge, na blanketi lake lile lile.

Aliyetutawala kwa karibu alikuwa hedimani wa lokesheni. Jina lake nitalihifadhi, maana ana wajukuu. Sisi tulimwita Hedimani tu, wanawake kwa wanaume. Alikuwa pande la mtu, kaptula ya kaki iliyopigwa pasi kama kisu, kofia pana, filimbi shingoni. Misheni walikuwa wamemfundisha Kiingereza na alikitunza kama saa ya mfukoni. Kila Jumatatu jioni alipanda juu ya sanduku la soda mbele ya jumba la mikutano akasoma tangazo. Msimu ule tangazo lilikuwa lile lile, akalisoma wiki baada ya wiki mpaka watoto walilijua kama sala: watu zaidi ya wawili wakisimama barabarani kuzungumza, huo ni mkutano, mlango usifungwe askari wanapopita, na mtu asiye na karatasi, huyo si mkazi, na asiye mkazi hana la kusema.

Elijah ndiye aliyetuletea sinema. Alikuwa Mkamba, askari wa zamani wa Burma, aliyewahi kukaa kambini Gilgil, na huko ndiko alikojifunzia Kiingereza cha kila namna, cha kanisani na cha matusi. Serikali ilimwajiri kwenye gari la sinema. Mzungu mmoja aliendesha, kijana wa Kijaluo aliitunza mashine, na Elijah alisimama kando ya pazia jeupe na maikrofoni, sauti ya Kiingereza ikapunguzwa, akatuambia kwa Kiswahili watu wa kwenye picha wanasema nini. Picha nyingi zilikuwa za kunawa mikono, kuosha ng'ombe na kuchimba matuta. Elijah alizitia chumvi. Ng'ombe wa kwenye josho alipewa sauti ya mwanamke wa Machakos anayekataa kuoga, na watu walitoka hapo wakiwa wameelewa mambo ya kupe na wameshiba uhondo. Alikuja kwetu mara mbili tatu kuomba maji ya kunywa, na ingawa bomba lilikuwa karibu naye kuliko mlango wetu, Drusila alimpa.

Jioni moja, ndani ya jumba la mikutano, baada ya picha ya matuta, akatangaza kwamba kuna nyongeza. Ilikuwa sinema ya kuchekesha, ya wakati wa vita vikuu, iliyotengenezwa ili kumkejeli adui wa Mwingereza. Nadhani mkubwa fulani huko Nairobi alifikiri tukimwona mtawala mbaya wa kigeni tutamshukuru wa kwetu. Katika nchi hiyo ya kwenye picha kulikuwa na mtawala mfupi mwenye medali hadi kiunoni. Akipiga chafya, mawaziri wote hupiga chafya. Alipanda juu ya kiti akasoma sheria zake, na sheria zenyewe, nikisema kweli mbele ya Mungu, zilikuwa: watu wawili wakisimama njiani ni mkutano, mlango usifungwe, kila mtu avae karatasi shingoni, na bata wavae pia, asiye na karatasi si mtu. Elijah hakutia chumvi hata punje. Alizisoma taratibu, kwa sauti kavu, na jumba likawa kimya kabisa. Tulikuwa tunaogopa kumtazama Hedimani, aliyeketi mbele kwenye kiti cha mikono.

Halafu yule mtawala akaenda kuoga mtoni. Akavua nguo zote, medali zote, na mbuzi akaja akazitafuna, akianza na ile karatasi ya shingoni. Mtawala akatoka majini, akajifunga taulo, akakimbia hadi lango la mji wake, magoti yakigongana. Nami sijui kilinijia nini. Nilimwona mtu mnyonge, mwembamba, aliyejitanda kitambaa, anatetemeka mbele ya askari, na sauti ikanitoka kubwa kama ya mnadani: "Uuui! Huyo si ni Mwaura!" Kisha nikacheka. Nilikuwa na kicheko kibaya siku zile, kicheko cha kuku aliyetaga. Kikalipasua jumba lote. Watu walicheka wakashikana, walicheka wakalia, waliokuwa nyuma wakasimama juu ya mabenchi, na Mwaura mwenyewe, nilimwona kwa mwanga wa mashine, alikuwa ameinama, anajipiga paja. Kule kwenye picha askari wa lango alikuwa anamwuliza bwana wake karatasi iko wapi. "Mimi ndiye niliyeitunga sheria!" Elijah akasema kwa niaba yake. Akajibu tena kwa sauti ya askari: "Kila mtu anasema hivyo." Hapo hata mbavu ziliuma. Hedimani akapiga filimbi. Taa zikawashwa.

Walimchukua Elijah asubuhi iliyofuata, wakamfungia kwenye stoo nyuma ya ofisi, jirani na jumba la mikutano. Ikasemekana amegeuza maneno ya sinema ili kumtukana Hedimani na serikali, na kwamba atapelekwa kambi za mbali ambako watu walikwenda bila kesi. Hedimani akaanza kuita watu mmoja mmoja. Swali lake lilikuwa moja: nani alicheka kwanza? Atakayemtaja huyo, alisema, atakuwa amemsaidia Elijah, maana itajulikana ni njama ya watu wawili na mkubwa wa njama si yeye. Majirani walirudi kutoka ofisini wakatusimulia majibu yao pale kwenye jiko. Mama mmoja alisema yeye hakucheka, alikuwa anakohoa. Mwingine alisema alicheka kwa sababu ya bata. Mzee wa kanisa alisema alicheka kwa kuwa wote walicheka, na Biblia inasema furahini pamoja nao wafurahio. Hakuna aliyetaja jina langu. Lakini mimi nilihesabu jambo moja tu: Elijah alikuwa ndani na mimi nilikuwa nje, nakula githeri.

"Nitaenda kusema ni mimi," nilimwambia Drusila. Alikuwa anapiga pasi gauni lake la kanisani, na mkono wake haukusimama. Nilijua kwa wakati huo alichokuwa nacho na Elijah. Walikuwa hawajasema, lakini nilikuwa na macho. Angeweza kunitaja siku ya kwanza. Hakuna ambaye angemlaumu sana.

"Ukienda watakuwa na watu wawili," akasema. "Hivyo ndivyo wanavyosaidia."

"Na nisipoenda?"

Akaligeuza gauni, na nyuma ya ukuta nikasikia Mwaura akijigeuza kitandani. "Usiende kwa Hedimani," akasema hatimaye. "Enda siku afisa wa wilaya yuko. Useme mbele ya mtu wa pili. Na mimi nakuja."

Mwaura akaita kupitia ukutani, "Na mimi nakuja. Jina lililotajwa si langu?"

Afisa alikuja siku ya Alhamisi. Alikuwa kijana Mzungu mwenye miwani, mgeni wilayani, aliyesema Kiswahili cha kitabuni kilichotufanya sisi tuonekane wajinga. Nilisimama mbele ya meza yake, Drusila kulia kwangu na gauni la kanisani, Mwaura kushoto, kofia mkononi. Nikasema ni mimi niliyepiga kelele na ni mimi niliyecheka kwanza, na sikumtukana mtu, nilimfananisha yule wa kwenye picha na jirani yangu.

"Kwa nini umfananishe na huyu bwana?" afisa akauliza.

Mwaura akajibu mwenyewe. "Kwa sababu ya blanketi, bwana. Nilishikwa nikiwa na blanketi."

"Ulikuwa ukienda wapi?"

"Choo, bwana."

"Na pasi yako ilikuwa wapi?"

"Kwa koti."

"Na koti?"

"Kwa msumari, bwana. Nyumbani."

Afisa akavua miwani akaifuta. Hedimani, aliyekuwa amesimama nyuma yake, akasema haya yote ni ujanja. Tatizo si blanketi, tatizo ni sheria. Sinema ya Mwingereza haiwezi kuwa na maneno kama yale. Elijah ameyatunga. Afisa alikuwa hajaiona sinema hiyo. Akatazama saa yake, nadhani alikuwa na njaa, akasema gari la sinema bado liko mjini, basi ichezwe tena sasa hivi, na kwa kuwa Elijah hawezi kuaminiwa, atafsiri mtu anayeaminika anayejua Kiingereza. "Wewe, Hedimani," akasema. "Utatafsiri neno kwa neno. Nami nitasikiliza kama ni sawa."

Wakafunga madirisha ya jumba kwa magunia ingawa nje jua lilikuwa linawaka. Tuliambiwa tuketi mbele, sisi watatu na wachache waliokuwa wamehojiwa, na tukaonywa. Sijawahi kuogopa kucheka kama siku ile. Nilikunja kona ya leso nikaitia mdomoni. Hedimani akaishika maikrofoni kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa nyoka. Mwanzoni alisoma kama anasoma tangazo, sauti kubwa isiyo na mtu ndani yake. Mtawala akapiga chafya. "Amepiga chafya," Hedimani akatafsiri. Mawaziri wakapiga chafya. "Na hao pia." Drusila akaanza kutetemeka begani mwangu. Mtawala akapanda kwenye kiti, akafungua karatasi yake.

"Watu wawili," Hedimani akasema, "wakisimama njiani... kuzungumza... huo ni mkutano." Akajikohoza. "Mlango... mlango usifungwe." Akanyamaza. Mtawala aliendelea kufungua na kufunga mdomo kwenye pazia bila mtu wa kumsemea.

"Endelea," afisa akasema gizani. "Mpaka hapo ni sawa."

"Bwana," Hedimani akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kuisikia sauti yake halisi, ilikuwa ndogo, "yanayobaki ni kama tangazo la Jumatatu."

 Tulisikia mashine ikizungusha utepe. Picha haikumngoja mtu, ikaendelea: mto, mbuzi, taulo, lango. Hedimani akajikokota nyuma yake, neno hapa, neno pale. Askari wa lango akainua mkono. "Karatasi yako iko wapi," akasema Hedimani. "Mimi ndiye niliyeitunga sheria." Akavuta pumzi. "Kila mtu..." Hakumaliza. Kwanza tulidhani ameshikwa na kikohozi. Kilianzia puani, kikashuka kifuani, kikarudi juu, na pande lile la mtu likainama juu ya maikrofoni na kucheka kwa sauti iliyojaza jumba mara mbili, yake na ya kipaza sauti. Alicheka akakaa chini kwenye jukwaa, kofia ikaanguka. Nikaitema ile kona ya leso. Tukacheka wote, ila afisa, aliyekaa amekunja mikono akitazama pazia mpaka utepe ukaisha na mwanga mtupu ukabaki.

Alisema maneno machache tu taa zilipowaka. Kwamba tafsiri ilikuwa sahihi mara zote mbili. Kwamba sinema irudishwe Nairobi na isionyeshwe tena katika wilaya yake. Na kwamba mtafsiri aachiliwe. Sidhani alitupenda, wala sidhani alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeona jambo ambalo hakutaka kuliona kabla ya chakula cha mchana.

Nilipokuwa natoka Hedimani aliniita kando, kwenye kivuli cha tangi la maji. Alikuwa anafuta macho kwa leso kubwa ya kaki. "Nyambura, unajua kizuizi cha Gilgil?"

"Najua, mzee."

"Mwezi uliopita walinisimamisha pale. Na kofia yangu. Na filimbi yangu hii. Nilikuwa nimesahau pasi nyumbani. Nikamwambia yule askari, kijana hata ndevu hana, mimi ni hedimani, mimi ndiye ninayeuliza watu pasi. Unajua alinijibu nini?"

Nilijua. 

"Hivyo hivyo kama yule wa lango," akasema. "Neno kwa neno. Nikakaa kwenye nyasi na wengine mpaka jioni." Akaivaa kofia yake. "Usimwambie mtu."

Sikumwambia mtu mpaka alipokufa. Na sitadanganya kwamba alibadilika akawa malaika. Jumatatu iliyofuata alipanda sandukuni akasoma tangazo kama kawaida, ila alisoma haraka, macho chini, na alipofika pale pa asiye na karatasi aliruka mstari. Sijui kama wakubwa wake walijua. Sisi tulijua. Nimeishi chini ya watawala wengi tangu siku hizo, wengine wa ngozi yangu na lugha yangu, na baadhi yao waliwaogopesha watu kucheka kuliko hata Hedimani. Kila mara nimejiuliza ni nani, miongoni mwa wale wanaowashikia maikrofoni, amewahi kukaa kwenye nyasi za Gilgil.

Elijah alifika chumbani kwetu alasiri, ndevu zimeota, shati limekakamaa kwa jasho. Drusila hakumkumbatia wala hakulia. Alimwekea maji ya kuoga nyuma ya nyumba, akampa shati la Mwaura, akaanza kupika ugali mwingi kuliko sufuria lilivyoweza. Elijah alikula kwanza. Kisha akatuambia kwamba stoo ile ilipakana na jumba, na kwamba alikuwa amesikia kila kitu ila maneno.

"Nilisikia Hedimani anacheka," akasema. "Nikajua basi, wamekata shauri. Mtu kama yule anacheka nini kingine? Nikapiga magoti pale kwa magunia, nikasali sala ya mwisho. Mlango ukafunguliwa, nikasema niko tayari. Askari akaniuliza, tayari kwenda wapi? Enda nyumbani, wewe."

Ndipo Drusila alipocheka, mkono ukiwa na mwiko hewani. Akamsimulia yote, na chafya, na sauti ndogo ya Hedimani, na Mwaura akaingia kusaidia pale alipokosea. Mlango ulikuwa wazi kama sheria ilivyotaka, na watu waliokuwa wakipita walisimama kutusikiliza, zaidi ya wawili. Tulipogeuka kumwuliza Elijah kama ameelewa, alikuwa amelala pale pale kwenye kiti, tonge mkononi. Filimbi ya kafyu ikalia, watu warudi ndani. Mwaura akanong'ona kwamba amwamshe waende wakalale kwake. Drusila akatikisa kichwa, akamtoa lile tonge vidoleni pole pole, akamfunika blanketi.